Kopo la Ndoano

Mwanamke huyu alishona magodoro kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakumpunja mteja hata uzi. Uongo wake wa kwanza wa maana aliutia ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na ndoano za mumewe.

Mumewe alikuwa mvuvi wa mshipi, mpaka moyo ulipomgomea. Siku ya kutoka hospitali, daktari alimwita mke pembeni, kwenye korido. Mgonjwa asishike tena kasia wala kuingia majini. Amebakiwa na miezi, si miaka. "Mtamwambia wenyewe mkiona vema," daktari akamaliza, akaenda zake, kana kwamba siku ya kuona vema ipo kwenye kalenda. Mke akarudi wodini na uso wa mtu aliyetoka kuulizia chakula.

Nyumbani mume aliliteremsha kopo. Ndani mlikuwa na ndoano themanini na samaki sita wa bati wa kuvutia samaki wa kweli, vyote vimeshikana kwa kutu.

"Nikimaliza kopo hili, mama watoto, narudi majini."

Akaweka kiti mlangoni pa jiko. Ndoano zililala kwenye bakuli la siki mpaka kutu ilainike, kisha akazisugua kwa mswaki mkuukuu, akazisuuza kwa maji ya magadi, akazifuta, akazinoa ncha kwa tupa na kuzipaka mafuta ya kupikia. Akifika ya tano pumzi inakata. Majirani wakamwita Nahodha wa Jikoni, naye akacheka hadi akakohoa.

Mke alipiga hesabu. Kwa mwendo ule, kopo lingekwisha kabla ya mwezi kwisha. Halafu? Angesimama, abebe mshipi wake, na kabla hajafika hata barabarani angejua anakufa. Hilo mke hakuliweza. Basi mume alipolala mchana, alichukua zile safi, akazitoa mafuta kwa sabuni, akazichovya kwenye maji ya chumvi na kuzifukia chini kabisa ya kopo, ndani ya kitambaa kibichi. Siku chache baadaye zilikuwa nyekundu kwa kutu.

"Kutu ya nyumba hii ina ukaidi," mume alisema.

"Imemfuata mwenye nyumba," mke akajibu, akageukia sufuria upesi.

Alijichukia. Mtu anatumia nguvu zake za mwisho kusugua, naye mkewe wa ndoa anazimwaga nyuma yake. Kila akiuona ule mgongo umeinama juu ya bakuli, alitamani kuungama. Lakini mume alikuwa anaamka asubuhi akiwa na kazi ya kufanya, na mke hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Ikaenda hivyo miezi minne. Shati la mume likawa kubwa, idadi ya ndoano kwa siku ikashuka hadi mbili.

Alasiri moja, tupa ilipogusa ncha, ndoano ilikatika. Mume aliviangalia vile vipande, akamwita mkewe na kumwekea kiganjani.

"Hii niliinunua nene kama sindano yako ya magodoro. Ona ilivyo sasa."

Ilikuwa imekonda kama pini.

"Mama watoto, mimi na ndoano tumeishi miaka arobaini. Nikiisafisha mara moja, inapungua kidogo tu. Hii nimeisafisha si chini ya mara sita."

"Baba watoto, mimi nili..." mke akaanza.

Mume alitikisa kichwa. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akachukua ndoano nyingine kutoka kwenye siki.

"Chumvi bado ipo?"

"Imebaki kidogo," mke alisema.

"Kanunue nyingine. Hizi zilizobaki bado zinavumilia." Akaanza kusugua. Mke alipofika mlangoni, akamsikia akiongeza, bila kuinua kichwa: "Usinunue kilo nzima."

Alikwenda dukani akilia waziwazi njia nzima, wala hakujali nani anamwona. Alinunua kilo mbili, akakataa mfuko, akazibeba mkononi ili mumewe azione.