Kila Mtu na Kipande Chake cha Reli

Risasi inayoyeyushwa kuunganishia nyaya ina harufu ya peke yake, kali na tamu kidogo, na ikichanganyika na gundi ya seremala ndani ya ukumbi wa mawe wenye baridi, hukaa puani siku nzima. Ndivyo zilivyonukia Jumamosi zangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja pale Lushoto, katika ukumbi mmoja wa zamani nyuma ya soko. Ndani yake meza sita zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, na juu ya meza hizo ilikuwepo reli ya Tanga, imepunguzwa mara themanini na saba. Ilianzia baharini, ikapita Muheza katikati ya michungwa ya sifongo, ikafika Korogwe, halafu Mombo chini ya milima yetu, na ikaendelea mpaka ukutani, ambako tulikubaliana kuwa ndiko Moshi. Treni ilipowashwa ilitoa mlio mwembamba kama wa nyuki aliyeingia kwenye kikombe, na watu wazima waliacha mazungumzo yao ili waisikilize.

Mwenye wazo lile lote alikuwa Mzee Hoza. Alifanya kazi stesheni ya Mombo kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kuinua na kushusha ile mikono ya ishara inayoiambia treni ipite au isimame. Treni za abiria zilipoacha kupita, alipanda mlima kurudi kwao akiwa na sanduku la nguo na kichwa kimoja kidogo cha treni, cha kijani, chenye mota ya umeme ndani, alichopewa na mhandisi mgeni aliyewahi kufanya naye kazi. Kichwa kile kilikuwa kimoja tu. Mabehewa tulijitengenezea kwa makopo ya maziwa ya unga. Ukimwacha yeye, chama chetu kilikuwa na wanachama tisa: wakulima wawili wa kabichi, fundi cherehani, Mwalimu Singano wa Mlola, baba yangu aliyekuwa seremala, wengine wawili waliokuja walipopata nafasi, na watoto wawili, mimi na rafiki yangu Rukia. Kazi yetu sisi ilikuwa miti. Tulikwenda msitu wa Magamba kuokota zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi, tukazifunga kwenye vijiti, na Mzee Hoza akavikagua kimoja kimoja kabla ya kuvipanda.

Jumamosi moja ya kipupwe, ukungu ukiwa bado umelala sokoni, tulikuta kufuli jipya mlangoni. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ilisema ukumbi umekodishwa kuwa ghala la viazi na wenye vitu ndani waje kuvitoa ndani ya juma moja. Aliyekodi alikuwa baba yake Rukia. Rukia mwenyewe hakuja siku ile, naye hakuwahi kukosa hata mara moja. Baba yake alipokuja kutufungulia, aliongea na wazee kwa heshima, akaeleza kuwa mvua ya mwaka ule imemwozeshea viazi vingi nje, kisha akasimama mlangoni akitazama viatu vyake. Tuliingia. Meza zilikuwepo, reli ilikuwepo, mabehewa yote kumi na manne yalikuwepo yamesimama stesheni ya Korogwe. Kichwa hakikuwepo.

Watu walianza kutazamana mifukoni. Kufuli la zamani lilikuwa na funguo tatu: mmoja kwa Mzee Hoza, mmoja kwa Mwalimu Singano, na mmoja kwa baba. Fundi cherehani alisema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba mwenye ufunguo hana haja ya kuvunja mlango. Baba alimwuliza ana maana gani, naye akajibu kuwa hana maana yoyote. Tulipofika nyumbani baba hakula. Kesho yake, alipokwenda kanisani na mama, mimi nilisingizia tumbo, nikafungua sanduku lake la randa na patasi, nikatoa kila kitu mpaka chini. Sikupata chochote. Nilirudisha vifaa vile nikiwa na aibu, lakini bado nilijiambia kwamba mtu mwenye akili hawezi kuficha kitu mahali rahisi hivyo.

Siku ya kuhamisha vitu, Mzee Hoza alitushangaza. Tulidhani reli itavunjwa iwe kuni. Yeye alikuja na msumeno na kijiti kirefu chenye alama za wino, akasema ukumbi umekwisha lakini reli haijaisha. Meza zitakatwa stesheni kwa stesheni, kila mtu achukue kipande chake nyumbani, akitunze na kukiendeleza apendavyo, ila miisho yake lazima ifuate kijiti: upana ule ule, kimo kile kile, na reli itoke ukingoni mahali pale pale. Kila mwisho wa mwezi tungekutana nyumbani kwa mmoja wetu, tuviunganishe. Mtu mmoja aliuliza tutaviunganisha ili nini, kama hakuna cha kupita juu yake. Mzee Hoza alianza kukata. Baba na mimi tulipata Muheza. Rukia, aliyekuja mwishoni akiwa ameficha mikono ndani ya kanga, alipewa Mombo, na niliona watu wawili wakinong'onezana.

Ndipo ulipoanza msimu wangu wa upelelezi. Nilimwomba Mzee Hoza nitengeneze kijiti changu, nami nikajitwika kazi ya kuzunguka nyumba za wanachama kuhakikisha vipande havijapindwa na unyevu. Kwa kweli nilikuwa natafuta kichwa cha treni. Kule Mlola, mke wa Mwalimu Singano alinipa chai na magimbi, na alipotoka kwenda kuwafukuza kuku nilifungua kabati la vyombo. Kwa fundi cherehani nilipapasa marobota ya vitambaa. Kila mahali nilipima ubao kwa makini, nikaandika vipimo daftarini, huku macho yangu yakizunguka juu ya makabati na chini ya vitanda. Ilinichukua majuma kadhaa kugundua kwamba sikuwa peke yangu. Mwalimu Singano alifika kwetu kuazima gundi, akaomba kuona jinsi baba alivyolipaka rangi soko la Muheza, akainama kulikagua kwa chini muda mrefu kuliko soko lilivyostahili. Mkulima mmoja alituletea kabichi mbili na kutaka kuona chumba cha baba cha kuwekea mbao. Watu ambao zamani walionana Jumamosi tu, sasa walitembeleana karibu kila siku, na hakuna aliyekosa mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa kuwa kila mmoja alihofia kuwa asipokuwepo ndiye atakayesemwa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nyumba niliyoibakiza mwisho ilikuwa ya Rukia, kwa sababu nilikuwa na hakika. Baba yake alitaka ukumbi, na bila kichwa hakuna treni, na bila treni hakuna wa kuudai. Nilimkuta nyuma ya nyumba akibandika paa la stesheni ya Mombo, kazi safi kuliko yangu. Sikupima chochote. Nilimwuliza kama alijua mapema kuwa tutafungiwa.

"Nilijua," alisema. "Baba alinikataza kusema. Ndiyo maana sikuja. Ningewatazamaje?"

"Na kichwa?"

Aliweka gundi chini. "Kichwa gani?"

"Kile mlichokichukua."

Alinitazama mpaka nikaona haya, kisha akaingia ndani, akafungua mlango wa chumba chake, wa jiko na wa stoo, yote wazi kabisa, akarudi akakaa. "Tafuta," alisema. "Ukimaliza, usije tena."

Na mimi nilitafuta. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba sikugeuka pale pale. Nilitafuta mpaka kwenye pipa la mahindi, naye akaendelea kubandika paa.

Kumbe nyumba moja sikuwahi kuifikiria. Mzee Hoza alishikwa na homa, na mama akanituma nimpelekee uji. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia kwa shida na kuniomba nimpe blanketi lililokuwa kwenye lile sanduku lake la nguo. Chini ya blanketi palikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kile kichwa cha kijani, kimefunguliwa tumbo, mota yake imekuwa nyeusi na nyaya zake zimeyeyuka kama nta. Nilisimama nacho mkononi. Hakujaribu kunidanganya.

"Nilikiunguza mwenyewe," alisema. "Alhamisi, kabla hamjafungiwa. Nilifunga nyaya za transfoma vibaya. Miaka yangu yote kazini, mwanangu, sijawahi kupitisha treni vibaya. Nikaona nikisema, mtaondoka wote."

Nilimwuliza kama alijua kuwa tunashukiana. Alisema alijua. Alisema kila Mwalimu Singano alipokwenda kwa fundi cherehani, na fundi kwa baba, yeye aliona reli inatembea, akazidi kunyamaza. Halafu akageukia ukutani. Nilimpenda sana mzee yule, lakini siku ile nilitoka kwake nimekasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima, na uji nilimwachia mezani bila kumkaribisha.

Katika mkutano uliofuata alisema mwenyewe mbele ya wote, amesimama, kofia mkononi. Baba ndiye aliyemletea kiti. Fundi wa redio wa pale sokoni aliisuka upya ile mota kwa waya uliotoka kwenye redio mbovu, na tulipoijaribu, treni yetu ilikwenda kinyumenyume kutoka Mombo hadi baharini, mpaka tulipobadilisha nyaya. Kwa Rukia nilikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza alisema hana nafasi. Mara ya tatu alinipokea, akasikiliza msamaha wangu mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema amenisamehe. Alinipa miti ishirini ya ndevu za Magamba nikaifunge vijiti, tukakaa tukifunga bila maneno mengi.

Leo naishi Muheza yenyewe, ile ya kweli, na treni ya abiria, tangu irudi, nimeipanda mimi na wanangu. Mzee Hoza na baba wamekwishatangulia. Vipande vitano vya reli vingali hai, na mara mbili kwa mwaka tunavikusanya Lushoto, miisho yake ikifuatana bila hata nafasi ya karatasi katikati. Wanangu wanaona ajabu nikiwasimulia jinsi watu wazima walivyopekuliana nyumba kwa kisingizio cha kupima mbao. Wao wakimshuku rafiki humfuta kwenye simu, na habari imekwisha; hawajui tena kama anaumwa, kama amehama, kama alikuwa na kosa au hana. Sisi tulishukiana kwa miguu. Tulilazimika kupanda mlima, kubisha hodi, kunywa chai ya mtu, kumwuliza hali ya watoto, na wakati mwingine tulisahau tulichokuja kutafuta. Sisemi ilikuwa vizuri. Nasema tu kwamba watu wale nilibaki ninawajua.

Rukia anauza miche ya matunda sasa, na mkutano wa mwisho ulikuwa kwake. Tulikula, tukacheka, akanifungia mfuko wa matunda ya plamsi ya safari. Kisha, kama afanyavyo kila mara ninapoaga, alirudi mezani, akaweka kidole juu ya behewa la kwanza, akaanza kuyahesabu kwa sauti, taratibu, hadi la kumi na nne, mimi nimesimama mlangoni na mkoba wangu wazi, kama mtu anayesubiri kupekuliwa. Alipomaliza alinisindikiza hadi barabarani.