Habari ya Valéry Ilivyomfikia Mama Yake

Valéry alizaliwa Bujumbura, akajifunza kusoma katika kambi ya wakimbizi Kigoma, akakulia Hjulsta, mtaa wa Stockholm huko Sweden, kwa mama yake Dancille, ghorofa ya nne. Mabega yake yalijaza mlango. Shuleni wakamwingiza kwenye raga. Siku ya kwanza Dancille kwenda kumtazama alicheka mpaka akakaa chini. "Mpira gani huo," akamwambia, "mnaukumbatia kama kuku wa wizi?" Lakini Valéry alipochezea timu ya taifa ya Sweden, mara sita, mama huyo huyo alizunguka mtaa jirani wa Rinkeby wote na picha ya gazeti mkobani, na asiyetaka kuiona alionyeshwa.

Kisha Valéry akaingia jeshini. Mama alikataa. Wakanuniana wiki mbili, maana ukaidi kijana aliurithi kwa mama. Mwaka 2010 akapelekwa Afghanistan, na kila Jumapili baada ya ibada akawa anapiga simu.

Jumapili moja ya Oktoba simu haikuja. Jumatatu asubuhi kengele ya mlango ikalia. Walikuwa askari wawili, mwanamke na mwanamume, na nyuma yao Anastase, shemasi wa kanisa lao, aliyeletwa kutafsiri.

Askari mwanamke akasema maneno machache, taratibu. Anastase akatazama viatu vyake. Kwetu Warundi kifo hakitamkwi hivi hivi. Mtu huambiwa mgonjwa kazidiwa, akifika akakuta watu wameketi, ameelewa. Basi Anastase akasema Valéry ameumia, yuko hospitali, hali si nzuri.

Dancille akauliza hospitali ipi, na ndege ya huko inaondoka saa ngapi. Akavaa koti. Anastase akasema tuombe kwanza. Askari mwanamke hakuelewa kwa nini mama anatafuta viatu. Akarudia maneno yake yale yale.

Safari hii Dancille alisikiliza mwenyewe. Kiswidi chake kilikuwa cha kusafisha ofisi tu, ila neno moja alilijua: tangu wafike Sweden alikuwa akiliandika kwenye fomu, mbele ya jina la mumewe.

Akavua koti. "Amesema död, Anastase. Mara mbili. Mimi si mtoto. Sema kwa mdomo wako."

"Mama Valéry..."

"Sema."

"Valéry amekufa. Gari lao lilikanyaga bomu jana asubuhi."

Dancille akauliza mle garini alikuwa na nani, na kama mama zao wameshaambiwa. Kisha akawaonyesha askari viti, kwa sababu walikuwa bado wamesimama.