Mihogo ya Mwaka wa Jua

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilifundisha Uvira, nchini kwetu, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nafundisha bure kanisani, ubao umeegemezwa kwenye kiti. Naanza na hilo ili msinionee huruma.

Mwaka ule mvua ilitutupa. Mama yangu alikuwa hataki nsima ya mahindi, ugali wa huku, kabisa. Alitaka bugali ya muhogo, kama kwetu Fizi. Basi nikawa naenda sokoni Dowa kumnunulia mihogo michungu, maana ndiyo iliyostahimili jua.

Na nilijua. Ee, nilijua sana! Wiki ileile nilikuwa nimechora seli ya muhogo ubaoni. Ikikosa maji, vitundu vya jani vinafungwa ili lisipotee hata tone, na mmea unazidi kujilimbikizia sumu. Nikawaambia wanafunzi: mwaka wa jua msiloweke siku tatu, lowekeni nne, mpaka seli zipasuke na sumu itoke. Wakaandika.

Nyumbani nililoweka siku moja. Foleni ya bomba ilikuwa ya kutwa nzima, wanawake tunasukumana na kutukanana, na kuifungia ndoo nzima ya maji kwenye mihogo siku nne niliona ni anasa. Mama alikula akilamba vidole. "Njo chakula hii!" Yaani, hiki ndicho chakula. Nami nikafurahi, mpumbavu mimi, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja akashindwa kuinuka mkekani. Miguu ilikuwa imekakamaa kama mbao. Tukapanda minibasi hadi hospitali, Lilongwe. Muuguzi akauliza kwa Kichewa: anakula nini, nani anapika, mihogo inalowekwa siku ngapi? Mama hajui Kichewa, mkalimani ni mimi. Nikamgeuzia maswali.

Akanitazama kwanza. Hapo nikaelewa kwamba yule mwanamke wa Fizi, aliyemenya mihogo maisha yake yote, uchungu aliusikia tangu tonge la kwanza. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ananiona nikirudi bombani nimechoka.

"Umwambie njo mi nalowekaga," akasema. "Siku moja tu, juu ya uzee, nguvu iliisha. Umwambie mutoto wangu ni mwalimu, iko na kazi mingi, hakujua."

Nikatafsiri. Yote, neno kwa neno, hata hilo la mwisho. Muuguzi akaandika.