Injini Iliyofungwa Kabla ya Sabato

Figo za Tata, baba yetu, zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi ndugu yangu mkubwa alimpeleka mjini Kisii kusafishwa damu kwa mashine. Gari lilikuwa lake, la kubebea abiria. Likizo ya Aprili lilishindwa kupanda kilima mpaka abiria wakashuka kusukuma. Tata peke yake ndiye aliyebaki ndani, amefunika uso kwa kofia. Nadhani ndugu yangu aliona aibu kuliko hata yeye.

Ijumaa akaing'oa manifoldi, ile mikono ya alumini inayoingiza hewa kwenye injini. Alisema njia zake ni nyembamba na zina mikwaruzo, ndiyo maana gari halipumui. Akazipanua kwa grainda tangu asubuhi. Unga wa alumini ukatapakaa hadi kwenye mgongo wa kuku.

"Hii ikirudi, kilima cha Nyanchwa tutapanda kama tunashuka," aliniambia. Nikatabasamu tu. Mimi si wa maneno, hata nyumbani.

Ilitakiwa aioshe kwa petroli, kisha aipeleke Masimba ipulizwe kwa kompresa, uchafu wote utoke. Lakini mwenye kompresa ni Msabato kama sisi, na alikuwa ameshafunga. Mama naye akatoka jikoni.

"Mura, kijana wangu, jua linazama. Funga hiyo injini, uweke spana chini."

"Mama, kidogo tu."

"Jua haliongezwi. Ama kesho utambeba Tata wako mgongoni hadi kanisani?"

Akaifuta tu kwa kitambaa chenye petroli, akaifunga. Tulipoanza wimbo wa kupokea Sabato alikuwa bado ananuka petroli.

Kesho yake kulikuwa na mkutano kanisani Nyanchwa. Gari lilipanda vizuri ajabu. Tata akampiga ndugu yangu begani, "Huyu ni fundi!" Wote tukacheka, hata mimi kwa sauti.

Jumatatu, kabla hatujafika mjini, injini ikaanza kugonga. Moshi ukajaa barabarani, gari likazima. Ndugu yangu akafungua manifoldi, akaingiza kidole. Kikatoka kinang'aa. Unga aliouacha ulikuwa umevutwa na hewa, ukaisaga injini kwa ndani.

"Nimeiua," akasema.

Tukampandisha Tata kwenye boda boda, ndugu yangu akakaa nyuma yake akimshikilia. Walipofika, mashine ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Walisubiri kwenye korido hadi jioni bila kupata zamu. Tata alirudi hajui hata ni nani amemfungulia mlango.

Alhamisi boda boda ilikuja mapema. Tata alikuwa kitandani, miguu imevimba.

"Mwambieni wa boda boda arudi. Mgongo wangu hauwezi ile kitu."

"Tata, ni lazima," Mama akasema.

"Lazima ya nani?"

Ndugu yangu alipiga magoti, akajaribu kumvalisha viatu. Havikuingia. Akajaribu tena, polepole, machozi yakimdondokea mikononi.

"Wacha kulia, mura. Lete zile ndara za Mama yako."

Akamvalisha ndara za kike za waridi. Mimi nikashika mkono mmoja, Mama mwingine, tukamtoa nje. Mwenye boda boda akazima injini na kugeuza uso upande wa mashamba ya chai, asimwone Tata akiinuliwa mguu kama mtoto.