Zamu za Kumgeuza Masanja

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wanaume, Sista Mkuu alinikabidhi beseni na aproni ya mpira, akanionyesha mzee aliyepooza.

"Huyu tunamgeuza kila baada ya saa mbili," alisema. "Ukizembea, nyama ya mgongo inaoza yeye yu hai."

Vidonda hivyo tuliviita vya kulalia. Nilikuwa nimeishia darasa la tano, wazazi walipofariki wakaniachia wadogo wawili, Masanja na Milembe. Kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Ilipofika miaka ya tisini, soko huria lilileta viwanda vya minofu ya sangara, na hospitali ikaleta uchangiaji: mgonjwa aje na glavu zake. Wahudumu tulipunguzwa, zamu ya watatu ikabaki na mmoja. Kugeuza wagonjwa kukawa kazi ya ndugu. Asiye na ndugu alisaidiwa na ndugu wa kitanda cha jirani.

Daktari wa wodi alipenda kuuliza habari za ujana. Waliozoea ngumi, gongo na mahabusu tangu utotoni waliletwa wakiwa na miaka arobaini na kitu, ini na mapafu yamechoka kama ya wazee.

"Ugomvi unakula mwili," aliniambia, "halafu unakula na watu wa kukuuguza."

Nami nilikuwa na wangu wa namna hiyo, mdogo wangu Masanja.

Masanja aliletwa kutoka kijiji cha Kigongo akiwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, macho ya njano. Nilimgeuza zamu zangu zote. Nisipokuwapo, alimgeuza mama mmoja wa Kihaya aliyemuuguza mumewe kitanda cha pili, mpaka Masanja alipomwambia mikono yake inanuka ndizi mbovu.

"Basi subiri yenye marashi, baba," alijibu yule mama, akarudi kwa mumewe. Hakumgusa tena, wala mwingine yeyote.

Nikaenda Igoma, kwa Milembe, nikamkuta anashona.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Masanja ana kidonda kiunoni, ngumi inaingia. Njoo umgeuze siku ambazo sipo. La sivyo atakufa."

Alininyooshea mkono wa kulia. Ulinyooka nusu tu, kiwiko hakifunguki.

"Kwa huu alionivunja?"

"Mlikuwa watoto, Milembe."

"Ulinipeleka hospitali ukaniambia niseme nimeanguka kisimani. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, kaka, anasikiliza. Hukumgombeza hata kidogo."

Ni kweli. Niliogopa polisi wangemchukua. Baada ya hapo nilimwombea radhi mtaa wetu mzima wa Mabatini, kila alipopiga mtu au kuiba, nikisema ataacha akikua.

Milembe hakuja. Masanja alifariki siku yangu ya mapumziko. Katika karatasi ya kugeuzia, mahali pa saini palikuwa na jina langu tu, na kati ya jina na jina, nafasi tupu za siku nzima. Daktari aliandika chanzo cha kifo: ini na kidonda kilichooza. Hakukosea.

Nilifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu. Ninyi vijana mnaoanza, mkimpokea mtu wa namna hiyo, msimchukie. Mgeuzeni. Lakini kama mna mdogo nyumbani anayepiga wenzake, msimfichie kama mimi.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Igoma kumwomba Milembe msamaha, si wa Masanja, wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye cherehani. Kisha akaniuliza kama nimekula.