Kilo za Nyakerario

Bilhah Nyakerario alitoka Kisii akiwa msichana, akachuma majani kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho miaka kumi na tisa. Bega lake la kulia ndilo lililokuwa mali yake yote, maana hakuwa na shamba wala ng'ombe. Mwaka juzi wafanyakazi walipangwa foleni kwenye zahanati ya shamba wachanjwe. Nesi alikuwa na haraka, akamdunga bega hilo juu kabisa, karibu na mfupa.

"Kesho itapoa, mama," akamwambia.

Kesho hiyo bado tunaingoja. Mkono uligoma. Hata blauzi alivalishwa na Janefer, jirani yake kwenye kambi ya wafanyakazi. Kikapu cha majani ndio usiseme.

Daktari aliandika wazi kwamba sindano ndiyo iliyoharibu bega, na wakili Omariba wa Litein akaishtaki kampuni ya shamba ili alipwe fidia. Nyakerario hakuota makubwa. Alitaka kaploti ka ardhi kwao, apate mahali pa kuzeekea, kwa sababu asiyechuma hakai kambini, naye alivumiliwa tu hadi kesi iishe.

Siku moja Omariba alimwita ofisini, akamwekea karatasi mezani. Zilikuwa rekodi za mizani ya majani ya chai. Miezi miwili mizima baada ya sindano, kadi ya kazi ya Nyakerario ilikuwa imepimiwa kilo thelathini kila siku.

"Mama, hizi kilo ni za nani? Korti itasema mkono yako iko sawa."

Zilikuwa za Janefer. Wachumaji wana desturi yao: mwenzao akijifungua au akiugua, mmoja huchukua kadi yake akampimia majani, asifutwe kazi. Wahenga walisema wema hauozi. Huu wa Janefer haukuoza kweli, ulipigwa mhuri ukaletwa kortini.

"Sema tu ukweli. Huyo mwenye alikupimia aje atoe ushahidi."

"Na kazi yake?"

Kupimia kadi ya mwenzako ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, na Janefer ana watoto wanne.

Kortini alipoulizwa, Nyakerario alisema kilo ni zake. Kesi ikaanguka kabla ya saa sita. Mimi, jirani yao wa kambini, nilikuwa benchi la nyuma, nikitamani kupiga kelele.

Jioni Janefer alikuja kumvua blauzi kama kawaida.

"Walikuuliza mambo ya kilo?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Vuta pole pole, Janefer. Inauma."