Mistari ya Maji Barazani kwa Cadette

Tangu vita vya kwao Pweto vimvushe ziwa, Cadette Nkulu alikuwa akiishi Nchelenge katika nyumba isiyo yake. Ni nyumba ya matofali mekundu, mwendo mfupi kutoka kwenye minibasi za Mansa, iliyojengwa kabla ya uhuru na mfanyabiashara wa samaki. Marehemu mzee Kasonde, aliyeinunua baadaye, alimpokea Cadette akiwa mjane asiye na kitu. "Kaa, uitunze," alimwambia, naye akaitunza miaka ishirini na minne. Kisha watoto wa mzee, walioko Kitwe, wakataka kumuuzia tajiri atakayeibomoa ajenge gesti.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu. Watu wa serikali wanaohifadhi nyumba za kale wakitoka Lusaka, wakaiona na kuiandika katika kitabu chao, hakuna wa kuibomoa. Karani mmoja wa halmashauri ya mji, Lackson, aliwaandikia barua tatu. Jumatatu alisimamisha pikipiki mbele ya baraza, akamwita Cadette kwa heshima ya mama.

"Bamayo, bageni banakuya siku ya ine!"

Akaondoka bila kueleza wageni hao wa Alhamisi wanakuja kutazama nini. Hilo ni kosa lake, nami, mwalimu wa hapa, nalitaja kwa sababu yeye mwenyewe halitaji.

Kwa kina Cadette, ukuta wa mbele huachwa bila kusiribwa wakati wa msiba tu. Mgeni wa mbali akikuta ukuta mchafu huuliza ni nani amefariki. Ukuta wa baraza lile ulikuwa na madoa ya miaka mingi. Jumanne Cadette aliusugua kwa kitambaa chenye maji, kisha akausiriba kwa udongo mweupe alioutoa kando ya ziwa, akipiga magoti mpaka yakavimba.

Jirani yake Ben alipita na baiskeli ya samaki.

"Mama Cadette, unaolewa?"

"Na nani? Na weye wa kunuka samaki?"

"Mi niko na babibi babili. Wa tatu ataniua!"

Jumatano Lackson alirudi. Alipouona ukuta, aliketi kwenye ngazi.

"Bamayo, mistari iko wapi?"

"Mistari gani?"

"Ya maji! Ndo ile banakuya kuangalia."

Zamani, kila mwaka ziwa lilipofurika mpaka barazani, makarani wa yule mfanyabiashara wa samaki walichora mstari wa mkaa pale maji yalipofika, wakaandika mwaka na jina la aliyeona. Mmoja ulifika kiunoni. Hakuna ukuta mwingine kama huo mjini, na Lackson alikuwa ameutaja katika barua zote tatu. Kwa Cadette ilikuwa michoro ya watu walioishi humo kabla yake.

Ben, aliyekuwa amesimama kusikiliza, alikwenda jikoni akarudi na kipande cha mkaa.

"Si unaijua yote? Kila siku ulikuwa unaipanguza bumbi. Chora tena. Ba Lusaka batajua nini?"

Lackson alitazama ziwa, akanyamaza. Mtu mwenye kalamu ya ofisi hapaswi kunyamaza hapo.

Cadette aliuchukua mkaa. Nyumba yake ilikuwa mkononi mwake, naye alilijua hilo. Akachora mstari mmoja, juu kidogo ya goti, akaandika mwaka. Akaanza jina. Katikati ya jina mkono ukasimama. Kisha akaufuta mstari wote, pamoja na jina, kwa kiganja.

"Ule mutu aliona maji," alisema. "Miye sikuyaona."

"Unajifukuza weye mwenyewe, mama," Ben alisema.

"Niache. Nimechoka."

Alhamisi alifika Madamu Nsama kutoka Lusaka, na kamera yake. Cadette hakungoja kuulizwa.

"Mistari nilifuta, Madamu. Sikujua."

Nsama alizunguka nyumba, akagusa matofali, akapiga picha za paa. Kisha akasema, kwa upole, kwamba nyumba za namna hiyo zipo nyingi ufuoni. Uliomleta ni ukuta. Asichokiona hawezi kukiandika. Aliagana naye kwa mikono miwili, gari likaondoka kabla ya saa sita.

Jumamosi mtoto mkubwa wa Kasonde alipiga simu kumtaka ahame. Cadette alijibu "ndiyo, baba" mara tatu, akakata.

Sasa anaishi kijiji cha Kabuta, katika chumba cha nyasi ambako mvua huingia upande mmoja. Mjini wanamwita mjinga. Nimewasikia hata nje ya kanisa, Biblia zikiwa kwapani. Nilimuuliza kama anajuta. Alikuwa akianika chisense, dagaa wa ziwa letu, na hakuinua kichwa.

"Magoti inaniuma, Mwalimu," alisema. "Shika ile kona ya mukeka, tuvute kwa jua."